Karatasi ya Tatu

Dakhalia yetu ilikuwa Ghubra, mtaa wa Maskati, nyuma ya duka la dawa na shule ya watoto wadogo. Ilikuwa na ghorofa nne, na tulikaa humo wasichana zaidi ya mia, wote wa chuo kimoja, wote tumetoka mbali: Sur, Salala, Nizwa, Khasab. Mimi nilitoka Ibra. Wenzetu wa Mabela na Matrah walirudi makwao kila jioni kula wali wa mama zao, sisi tukabaki na kanuni. Zilibandikwa ndani ya lifti, na kwa kuwa lifti ile ilikuwa na uvivu, wiki mbili hazikupita nikawa nimezihifadhi zote. Hakuna kutoka bila ruhusa ya mzazi iliyotumwa kwa simu. Hakuna kupika chumbani. Hakuna kuwasha kitu chenye moto, kiwe mshumaa au udi. Kila mtu awe ndani kabla ya Isha.

Aliyevunja kanuni aliandikishwa taahudi. Ni karatasi unayoijaza kwa mkono wako mwenyewe kwamba umekosa, umejuta na hutarudia, kisha unatia sahihi na inaingia kwenye faili lako. Ya kwanza na ya pili zilibaki chuoni. Ya tatu ilimaanisha kutolewa dakhalia, na baba yako kupigiwa simu aje akuchukue wewe na sanduku lako.

Kulikuwa na wasichana ambao kwao jambo hilo lisingekuwa msiba. Walikuwa na shangazi Maskati, walikuwa na kaka waliooa wakajenga. Mimi sikuwa na mtu. Na baba yangu alikubali nije kusoma baada ya miezi mitatu ya kusemeshwa na bibi yangu, yaani mama yake mzazi, na hata alipokubali aliweka sharti. Aliniambia ndani ya gari siku aliyonileta, macho yake barabarani: "Nnakuamini. Lakini siku nikipigiwa simu na watu wa chuo, nitakuja mie mwenyewe kukuchukua, na hurudi tena." Baba yangu hajapata kusema neno akalirudisha. Hata wauza samaki wa kwetu wanalijua hilo na hawajisumbui kubishana naye.

Kufika mwaka wa mwisho, nilikuwa na karatasi mbili.

Ya kwanza niliipata kwa sababu ya kanga. Kila Jumanne baada ya Alasiri basi la dakhalia lilitupeleka sokoni Matrah, na siku hiyo nilikuwa namtafutia bibi kanga nyekundu, na nyekundu aliyoitaka si nyekundu yoyote. Nilifunua dukani jora zima, mwenye duka akachoka akakaa chini. Nilipotoka basi lilikuwa limeshaondoka. Nikapanda teksi, tukakwama kwenye msongamano wa magari pale pwani, nikafika getini watu wanatoka kuswali Isha. Kanga nilikuwa nayo mkononi. Bibi alipoiona alisema ni nyekundu ya mahala pengine, lakini hilo ni jambo jingine.

Ya pili ilikuwa ya yai. Njaa ilinishika mchana wa Ijumaa, nikaigeuza pasi juu chini, nikaiegemeza kati ya vitabu viwili vya hesabu, nikaweka juu yake kikaango kidogo na yai. Ninavyojua mimi hakuna kanuni iliyosema lolote kuhusu pasi. Yai liliiva vizuri sana. Nilikuwa nachovya mkate wakati mlango ulipofunguliwa.

Aliyefungua ni mushrifa, yaani msimamizi wa dakhalia. Zote mbili ndiye aliyeniandikisha. Alikuwa mwanamke mfupi wa miaka hamsini na kitu, mzaliwa wa Unguja aliyeletwa Maskati akiwa bibi arusi, na alivaa saa kubwa ya kiume ambayo aliitazama kila alipotaka mtu amwogope. Hakuwa na haja nayo, sauti yake ilitosha. Mbele ya watu alizungumza Kiarabu tu, na kwa Kiarabu alikuwa serikali: jina lako kamili, namba ya chumba, kifungu ulichokivunja. Halafu akimaliza, kama wewe ni mmoja wetu wachache tuliokulia nyumba za Kiswahili, alikusogelea akayasema tena kwa sauti ya chini, na hapo ndipo ulipoadhibiwa. "Yai, mwanangu? Kwa yai moja? Ungekuja ofisini kwangu ukaniambia una njaa, mie ningekunyima?" Karatasi niliitia sahihi bila kutikisika. Maneno yale yalinifanya nilie chooni.

Basi nilimpenda na kumwogopa kwa kipimo kimoja, na mbele ya wengine nilimwita Abla, yaani mwalimu, kama walivyomwita wote, na tukiwa wawili nilimwita mama.

Muhula wa mwisho nilitakiwa nisimame mbele ya walimu watano nieleze kazi ya utafiti niliyoifanya mwaka mzima. Bibi alipopata habari alimkabidhi dereva wa teksi wa kwetu kopo la udi alioutengeneza mwenyewe, likafika Ghubra likiwa limefungwa kwa mipira minne. Pamoja nalo akanitumia ujumbe wa sauti: "Ufukize nguo zako kabla hujenda. Mtu hendi kwenye jambo zito akinuka sabuni tu." Bibi hajui habari za kanuni ndani ya lifti, na hata angezijua angeuliza ni nani huyo aliyezaliwa bila mama akaandika kwamba udi umekatazwa.

Aliyeziandika, au kwa uchache aliyezitia sahihi, ni mushrifa. Na kila Jumatano baada ya Alasiri, dirisha likiwa wazi na mlango umerudishwa, mushrifa aliwasha chetezo ofisini kwake. Tulijua sote. Harufu ilipita chini ya mlango ikapanda ngazi mpaka ghorofa ya tatu, na hakuna hata mmoja aliyewahi kulisema jambo hilo kwa sauti. Ilikuwa kama mtu mzima aliyesinzia kwenye mawaidha: unamwona, unatazama pembeni.

Mtihani wangu ulikuwa Alkhamisi. Jumatano ile nikachukua kopo langu, nikateremka, nikabisha hodi.

"Umefanya nini tena?" akaniuliza kabla sijaingia mzima.

"Sijafanya kitu, mama. Bado."

Nikamweleza. Akanyoosha mkono, nikampa kopo, akalifungua akalinusa, na uso wake ukalegea.

"Nani katengeneza?"

"Bibi yangu."

"Katia marashi ya waridi mengi. Mama yangu alikuwa akitia hivi hivi, watu wakimwambia anaharibu, yeye hasikii." Akalifunga kopo, akalifungua tena. "Lete abaya yako. Upesi, kabla sijabadili rai."

Kama ningekuwa na akili, ningeshuka na abaya yangu kimya kimya. Badala yake nilimwambia mwenzangu wa chumbani, kwa sababu naye alikuwa na mtihani kesho yake, na yeye akamwambia wa chumba cha pili. Nilipofika chini nilikuwa na wasichana kumi na tatu nyuma yangu, kila mmoja na abaya na mtandio mkononi, wamejipanga vizuri kuliko walivyowahi kujipanga siku ya usajili. Nilidhani mushrifa atatufukuza. Aliwatazama, akaitazama saa yake kubwa, akapumua. Siku zile za mitihani wengi wetu tulikuwa tumekonda kwa woga, na nadhani aliona tulichokuja kutafuta hakikuwa harufu tu.

Ofisi yake ilikuwa ndogo. Akabeba chetezo kwa mkono wake mwenyewe mpaka chumba cha kupigia pasi, ambako kulikuwa na kamba za kuanikia, akakifunika kwa kitenga cha miti cha kufukizia ambacho sikujua kama anacho, na akaanza kutandaza abaya moja baada ya nyingine, akitufundisha. Pindo kwanza. Mikono iache ining'inie. Mtandio usiuweke karibu, hariri hainywi moshi haraka. Wasichana wa Nizwa walisema kwao hufanya vingine, wakabishana kidogo, akawaacha washinde. Zilizokwisha tulizianika kwenye kamba, na wenzangu wote wakapanda juu kusoma.

Zilikuwa zimebaki mbili, ya mwenzangu na yangu, simu ilipolia kutoka getini. Mzazi mmoja amekuja kumchukua binti yake na ruhusa haionekani kwenye orodha.

"Kaa hapa," mushrifa akaniambia. "Usitoke. Na usitie tena udi, uliopo watosha."

Nikabaki peke yangu. Nikautazama moshi, nikaona hautoshi. Ndiyo tabia yangu tangu utotoni, nikiambiwa kitu kinatosha mkono unaniwasha. Nilifikiria wale walimu watano, nikafikiria bibi na mipira yake minne, nikatia udi. Nikaona bado. Nikatia konzi nzima.

Kulikuwa na kidude cheupe darini ambacho sijapata kukitazama maishani mwangu. Kikawa chekundu, na king'ora kikalia jengo zima.

Wasichana mia na zaidi waliteremka ngazi kwa dakika mbili. Jua lilikuwa halijazama, kila kitu kilionekana. Walitoka kama walivyokuwa: wenye nguo za kulalia, wenye mafuta ya nazi kichwani na mfuko wa plastiki juu yake, mmoja na hina mbichi mikono yote miwili ameinyoosha mbele kama anayetembea usingizini. Aliyejisitiri vizuri alikuwa mmoja tu, aliyekuwa ndiyo kwanza anaswali Alasiri. Na kwa sababu king'ora chetu kiliunganishwa moja kwa moja na kituo cha wazima moto, na kituo kilikuwa hapo hapo karibu, tulisikia gari lao linakuja wakati wengine bado wanashuka.

Geti likafunguliwa, wanaume sita wakaruka chini. Wasichana wakapiga kelele ambazo king'ora hakikuzifikia.

"Simameni hapo hapo!" mushrifa akawaambia wale wanaume kwa Kiarabu, mikono ameitanua. Wakasimama. Watu wazima sita wenye kofia za chuma na mpira wa maji, wamesimama kama watoto wa shule. Halafu akakimbia ndani, akatoka amekumbatia rundo la abaya zilizofukizwa, akaanza kuzirusha. Hakutazama ya nani. Mimi nikaleta rundo la pili na mitandio. Abaya moja ilisitiri wawili, mtandio mmoja vichwa vitatu, wasiopata wakajificha nyuma ya waliopata, na uwanja wote ulinuka kama nyumba yenye harusi.

Wazima moto wakaruhusiwa kuingia. Walikaa ndani kidogo, kisha mkubwa wao akatoka amebeba chetezo kwa mikono yote miwili, kwa heshima.

"Moto hakuna," akasema. Akanusa. "Lakini udi huu, wallahi. Kautengeneza nani?"

Tulisubiri mpaka gari lao lilipokata kona, na hapo tulicheka mpaka wengine wakakaa chini kwenye saruji. Mushrifa peke yake hakucheka. Alikuwa amekishika chetezo kilichozimika, ananitazama, na sikuona hasira usoni kwake. Alikuwa na hofu, nami sikuwahi kumwona na hofu.

Asubuhi nilikwenda kwenye mtihani na abaya isiyokuwa yangu, inayoishia juu ya vifundo vya miguu, na nikafanya vizuri. Mchana nikaitwa na utawala wa chuo. Wazima moto huandika ripoti, na ripoti hufika chuoni yenyewe, mushrifa angetaka kuificha asingeweza. Kamati ya nidhamu ingekaa Jumapili.

Siku zile mbili hakuzungumza nami, nami sikumfuata. Nilikuwa nikijiandalia maneno. Nitayasema hapa kama yalivyokuwa, kwa sababu nikiyaficha sina haja ya kuandika. Nilikusudia kusema chetezo si changu. Makaa sikuyawasha mimi. Chumba cha pasi sikukichagua mimi, na aliyetia sahihi kanuni za lifti ndiye aliyekuwa akizivunja kila Jumatano. Yote hayo yalikuwa kweli. Niliyasema mbele ya kioo mpaka yakatoka bila kukwama, na kila nikiyasema niliona simu ya baba haipigwi, na mwanamke aliyesema hatoninyima yai anafukuzwa kazi. Nilijichukia, na nikaendelea kuyasema.

Kamati ilikuwa watu watatu. Mkurugenzi wa mambo ya wanafunzi, mzee mwembamba wa kanzu na kilemba, aliyesema Kiarabu polepole na kuweka kituo baada ya kila sentensi. Mwalimu mmoja aliyekuwa akitazama simu yake. Na karani wa kike aliyekuwa akipiga chapa. Mushrifa aliketi pembeni, mkoba mapajani. Mbele ya mkurugenzi kulikuwa na faili langu, na juu yake taahudi ya tatu, imeshajazwa jina langu, bado sahihi tu. Chini yake niliona namba ya simu ya baba.

"Chetezo ni chako?" mkurugenzi akaniuliza.

"Si changu," nikasema. Hilo lilitoka sawasawa.

"Cha nani?"

Nikafungua kinywa. Maneno ya kwenye kioo yalikuwa yote pale, yamejipanga, na sikuweza hata moja. Niliutazama mkoba wa mushrifa. Ulikuwa umekatika mkanda ukashonwa kwa uzi mweusi.

"Changu," mushrifa akasema kwa Kiarabu chake cha serikali. "Makaa niliwasha mimi. Chumba nilichagua mimi. Huyu msichana nilimwita anisaidie, alikuja kwa amri yangu. Na udi uliozidi niliutia mimi."

Mkurugenzi akanigeukia. "Ni kweli? Udi aliutia yeye?"

Nikaitazama namba ya baba. Karani akaacha kupiga chapa. Ndipo mushrifa, macho yake kwenye zulia, akasema haraka haraka kwa Kiswahili: "Sema ndiyo, mwanangu. Mie wataniandikia barua, nitaisoma, nitaitia mkobani. Wewe atapigiwa simu baba yako. Sema ndiyo, usinitie uchungu."

"Amesema nini?" mkurugenzi akauliza.

"Amesema," nikasema, "amesema niseme kweli."

"Basi sema kweli."

"Ndiyo," nikasema. "Aliutia yeye."

Mkurugenzi alinitazama. Halafu akafunika kalamu yake. Akachukua ile karatasi ya tatu, akaikunja mara mbili, akaitia mfukoni mwa kanzu yake, na kwa sauti ile ile ya polepole akamwambia karani aandike: msimamizi apewe onyo la maandishi kwa kuingiza moto ndani ya jengo, abaki kazini kwake, mwanafunzi alikuwepo kwa amri ya msimamizi, hana kosa. Mwalimu mwenye simu akaitikia kwa kichwa.

Mushrifa alitoka mbele. Nilimfuata, na nilikuwa nimeshashika mlango niliposikia nyuma yangu Kiswahili cha Unguja, kisafi kuliko changu.

"Mwanangu." Mkurugenzi hakuinua kichwa kutoka kwenye karatasi zake. "Siku nyengine ukiambiwa ufasiri maneno ya mtu, fasiri yote."

Karani akamtazama, hakuelewa. "Umemwambia nini, ustadhi?"

"Nimemwambia," akamjibu kwa Kiarabu, "afunge mlango."

Nikaufunga.